Alama za Kulinganishwa

Katika kozi yetu ya kemia hapa Marekani, alama hupangwa kwa kulinganisha wanafunzi. Nilipata 61, wastani wa darasa ukiwa 54, nikapewa B. Mama akaniuliza, "Sitini na moja ndiyo nzuri, mwanangu?" Nikamweleza kuwa wengi wamepata chini yake. Akafikiri kidogo: "Kwa hiyo ukimfundisha mwenzio, unajiumiza?"

Swali hilo lina uzito. Kila Jumapili tunasoma watu wanne, tukipiga hesabu za moli kwa Kiswahili. Una unga wa chapati kumi na mafuta ya chapati sita, utapika ngapi? Sita, maana mafuta yataisha kwanza. Mtihani wa pili, wawili kati yetu walinipita.

Miaka ya 1970 huko Berkeley, Uri Treisman aliona kuwa wanafunzi Weusi waliokuwa wakifeli kalkulasi hawakuwa wavivu. Walikuwa wakisoma peke yao, ilhali wenzao wa asili ya Kichina walisoma kwa vikundi.

Basi Mama, jibu langu ni hili: kwenye orodha ya alama huenda ninajiumiza. Lakini moli nimezielewa siku nilipomweleza mwenzangu, na mtihani wa mwisho tutaingia wanne.