Baraka: Macho mekundu ya mama mkimbizi na maneno ya majirani

Mjini Baraka, wilayani Fizi, mkoani Kivu ya Kusini, kuna mama mmoja ambaye kila asubuhi huamka akipapasa. Jua likiwa halijapanda bado juu ya milima ya Ubwari, yeye tayari amekaa kwenye mkeka, kope zimeshikana kama zimepakwa gundi. Hutafuta kwa mkono kikombe cha maji alichokiacha pembeni jioni, hulowesha ncha ya kikwembe, kisha hungoja tongo zilainike ndipo afumbue macho.

Jina lake halitajwi hapa kwa ajili ya usalama wake. Alishuka kutoka milimani na watoto wanne, akapokelewa na familia moja. Nyumba ni ya vyumba viwili na watu kumi na mmoja wanalala humo. Mama huyo hujitafutia chakula kwa kukausha samaki juu ya moto kwa ajili ya wauzaji wa soko, kazi ya moshi kutoka asubuhi mpaka jioni.

Macho yalianza kumsumbua zaidi ya mwaka uliopita. Yaliwasha, yakachoma, akahisi kama kuna mchanga ndani. Pembezoni mwa kope palikuwa pekundu, na kwenye mizizi ya nywele za kope kulikuwa na magamba madogo kama mba. Mara mbili alitoka chokea. Alidhani ni moshi tu, na kwamba siku akiacha kazi hiyo itaisha.

Alinunua dawa ya matone sokoni bila kupimwa. Macho yalitulia kwa wiki moja, kisha yakarudi mabaya zaidi. Akanunua tena. Baadaye jirani alimshauri kukamulia maji ya majani. Siku tatu hakuweza kutazama mwanga.

Lakini kilichomuumiza zaidi hakikuwa dawa. Mtoto mmoja wa wenyeji wake alipougua malaria, maneno yakaanza kutembea: mbona macho ya huyu mgeni ni mekundu namna hiyo? Alitengewa sahani yake na kikombe chake. Watoto wake wakaambiwa wasiwe wanacheza karibu na mlango wa watu. Mtu aliyekimbia vita anajua maana ya maneno kama hayo. Leo ni sahani, kesho ni kufukuzwa. Huko Usukumani, nchini Tanzania, vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wakati wekundu huo ulitokana na moshi wa kupikia wa miaka mingi.

Aliyemwokoa ni bibi wa nyumba hiyo, mama mzazi wa mwenye nyumba. Siku moja alimwambia, "Mwanangu, vaa, twende kwa mganga tujue moja." Wakaenda pamoja kwenye kituo cha afya.

Muuguzi alimwangalia kwa tochi. Aligeuza kope ya juu kutafuta dalili za trakoma, ugonjwa unaoambukiza na ambao mwisho wake nywele za kope huingia ndani na kukwaruza jicho. Hakuziona. Alimuuliza kama ana mba kichwani, na mama akakubali. Ndipo akamweleza kwamba huo ni uvimbe sugu wa kope, na kwamba hauambukizwi kwa sahani, kwa kikombe wala kwa kutazamana. Bibi alimwomba muuguzi arudie maneno hayo, ili ayafikishe nyumbani jinsi yalivyo.

Ugonjwa wenyewe hautokani na kitu kimoja. Katika kila kope kuna tezi ndogo zaidi ya ishirini zinazotoa mafuta. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza tangu mwaka 1666. Mafuta hayo hutandazwa juu ya machozi ili yasikauke haraka. Tezi zikiziba, mafuta yanakuwa mazito, machozi yanakauka, na jicho linawaka. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu huongezeka pembezoni mwa kope na kuleta magamba. Mba ya kichwani nayo huchangia. Moshi na vumbi huongeza ukali.

Jambo gumu ambalo muuguzi hakumficha ni hili: ugonjwa huu kwa kawaida haponi mtu moja kwa moja. Unatulia, kisha unarudi ukiachwa. Unatunzwa kama shamba linavyopaliliwa.

Alichofundishwa kinahitaji maji kidogo tu, na hilo lilimfurahisha, maana bidoni ya maji inatafutwa kwa foleni. Kwanza ananawa mikono kwa sabuni. Anachukua kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa, yakiwa yamepoa hadi kuwa ya uvuguvugu, na kuyajaribu kwanza kwenye ngozi ya mkono. Analowesha kitambaa safi, anakikamua, anakiweka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, akikilowesha upya kinapopoa. Joto hilo huyeyusha mafuta yaliyoganda.

Kisha anakanda kope taratibu kwa kidole kuelekea kwenye nywele: ya juu anaishusha, ya chini anaipandisha. Mwisho, anafunga kitambaa safi kwenye kidole, anakichovya kwenye maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto, na kufuta mizizi ya nywele za kope huku jicho limefumbwa. Halafu anasuuza. Mara mbili kwa siku mwanzoni, kisha mara moja kwa siku hata macho yakiwa yametulia. Kitambaa ni chake peke yake, kinafuliwa, kinachemshwa na kuanikwa juani.

Muuguzi alimpa pia marhamu ya tetrasaiklini ya macho, ya kupaka pembezoni mwa kope usiku kwa muda aliopangiwa. Wanja alikatazwa. Matone ya sokoni alikatazwa pia, kwa sababu baadhi yana dawa za steroidi, ambazo hutuliza wekundu haraka lakini zikitumiwa muda mrefu bila daktari zinaweza kuleta mtoto wa jicho au presha ya jicho, na presha hiyo huondoa uwezo wa kuona usiorudi tena.

Baada ya wiki kadhaa, macho yalianza kufumbuka bila maji. Siku ambazo kuna kazi nyingi na anaruka zoezi, tongo zinarudi, naye anajua kosa liko wapi. Moto wa samaki ameuhamishia uwanjani, na yeye hukaa upande upepo unakotoka.

Wenye dalili kama hizi wanaweza kuanza kwa maji ya uvuguvugu na usafi wa kope. Lakini mtu asingoje nyumbani akiona mojawapo ya haya: maumivu makali ya jicho, kuona kunapungua, mwanga unaumiza, doa jeupe kwenye mboni, nywele za kope zinazoingia ndani, au kivimbe cha kope moja kisichopona. Huyo aende kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo.

Katika nyumba ile sahani sasa ni moja tena. Jioni, chai ikishaiva na mbabula ikiwa bado na moto, kikombe cha maji huwekwa juu yake. Siku hizi huwekwa viwili, kwa sababu bibi naye aligundua kwamba mchanga aliouhisi machoni kwa miaka haukuwa uzee. Wanakaa wawili ukutani, vitambaa machoni, na watoto wanajua kwamba kwa dakika hizo hakuna wa kuwatuma.