Kupanda Byrsa

Treni ya Tunis kwenda La Marsa hupita juu ya tuta lililokatiza ziwa, kisha husimama kituo baada ya kituo: Carthage Salammbô, Carthage Byrsa, Carthage Hannibal. Tangu shuleni niliujua mji wa kale wa Karthago kwa habari za jemadari wake Hannibal na tembo wake waliovuka milima ya Alps mwaka 218 KK. Nilishuka na kukipanda kilima cha Byrsa nikiwa na picha hiyo kichwani. Huko juu hakuna tembo. Kuna nyumba za watu.

Zipo kwenye mteremko wa kusini. Vichochoro vimenyooka, na pale kilima kinapokuwa kikali vimewekewa ngazi. Vyumba ni vidogo, vimebanana, na chini ya nyumba kuna birika la maji ya mvua lililopigwa lipu. Niliinama kutazama sakafu moja: saruji yenye rangi ya udongo wa tofali, imepachikwa vipande vidogo vyeupe vya mawe. Kuna fundi aliyepiga magoti hapo akavipachika kimoja kimoja. Katikati ya vyumba hivyo zimesimama nguzo nene za mawe, misingi ya Warumi, ambao enzi za Kaisari Augustus walikikata kilele cha kilima na kumwaga kifusi juu ya mtaa huu. Kifusi kilekile ndicho kilichouhifadhi.

Waliokaa humu hawakuwa tishio kwa yeyote. Baada ya kushindwa na Roma vitani mwaka 201 KK, Karthago ilipokonywa manowari zake karibu zote, ikatozwa fidia ya talanta 10,000 kwa miaka 50, na ikakatazwa kupigana bila idhini ya Roma. Jirani yake, Mfalme Masinissa wa Numidia, alipojimegea ardhi yake, Roma haikumzuia. Hatimaye Wakarthago wakachoka, wakapigana naye, na Roma ikapata kisingizio cha vita ilichokuwa ikikitafuta.

Mwaka 149 KK Warumi waliwaambia Wakarthago wasalimishe silaha ndipo wapewe amani. Wakatoa: Appian, mwanahistoria wa kale, anaandika deraya 200,000 na mitambo 2,000 ya kurushia mawe na mishale. Walipokwisha kubaki mikono mitupu, wakaambiwa wauhame mji wao na kujenga mwingine kilomita 15 hivi kutoka baharini. Kwa watu walioishi kwa biashara ya bahari, hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Wakafunga malango, wakafua silaha mpya usiku na mchana, na wanawake wakakata nywele zao zisokotwe kamba za mitambo. Walihimili karibu miaka mitatu.

Mwaka 146 KK jeshi la jemadari Mrumi Scipio Aemilianus liliingia kutoka upande wa bandari na kupigana nyumba kwa nyumba hadi hapa juu, siku sita mfululizo. Watu 50,000 walishuka kutoka ngomeni wakiomba wasiuawe, wakauzwa utumwani. Habari ya Warumi kunyunyiza chumvi juu ya magofu haimo kwa mwandishi yeyote wa kale, wala haihitajiki, yaliyotendeka yanatosha. Mwaka huohuo Roma iliuteketeza pia mji wa Korintho, kule Ugiriki. Toka hapo bahari nzima ilijua nani bwana.

Kutoka Byrsa niliteremka hadi kwenye bandari ya manowari. Sasa ni dimbwi tulivu la mviringo lenye kisiwa katikati, na majumba ya kifahari yamelizunguka. Appian anasema zamani zilienea humo meli 220.

Kushindwa vitani ni jambo moja. Kuangamizwa baada ya kusalimisha silaha ni jingine, na hilo la pili ndilo lililoipata Karthago. Ukijaliwa kufika Tunis, usianzie kwenye mabafu ya Kirumi kule ufukweni, hata kama wenyeji wako watakupeleka huko kwanza. Anzia Byrsa, uzione nyumba.