Jumapili Darasani Azaiba

Ndege kutoka Unguja ilitua Muscat usiku. Mlango ulipofunguliwa, joto likanijia usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Na mimi mtoto wa pwani, nikidhani joto nalijua!

Azaiba, mtaa wa Muscat nilikokuja kusoma, si mbali na uwanja wa ndege. Asubuhi niliona majumba meupe, mafupi, upande mmoja bahari, upande wa pili milima isiyo na jani. Nilitafuta mnazi, nikaona mitende. Watembea kwa miguu hakuna, kila mtu yumo garini. Masomo yalianza Jumapili, maana huku wanapumzika Ijumaa na Jumamosi.

Darasani tulikuwa wauguzi wa Kiomani, Wahindi, Wafilipino na mimi. Mada ilikuwa mzee anapolazwa. Nilikuja na majivuno kidogo. Kwetu shikamoo haimpiti mzee, na tangu Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar inamlipa pensheni kila aliyetimiza miaka 70. Wasio na jamaa wanatunzwa katika nyumba za wazee za Sebleni na Welezo. Nitafundishwa nini zaidi?

Mkufunzi akauliza: wodini, mzee gani aangaliwe kwanza? Tukataja anayepiga kelele, anayechomoa dripu. Yeye akasema: aliyenyamaza. Nikashtuka, kwani huyo ndiye tunayemsifu kwamba hasumbui! Kumbe akili ya mzee inaweza kuvurugika ghafla naye akalala kimya tu, na chanzo kikawa maambukizi ya mkojo, kukosa maji, kufunga choo, au dawa. Hata Piriton, tunayoigawa bila kufikiri, imo katika dawa za kuepukwa kwa wazee. Kipimo cha kuitambua hali hiyo alichotufundisha kilitolewa Marekani mwaka 1990 na Sharon Inouye na wenzake: hali imeanza ghafla, inapanda na kushuka? Mgonjwa anaweza kufuatilia mazungumzo? Maneno yake yanashikamana? Yuko macho kama kawaida?

Siku ya mazoezi tuliletewa bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, mmoja wa waliokuja huku baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Nilipomwamkia, uso ukachanua.

“Marahaba, mwanangu. Darajani samaki bei gani siku hizi?”

Wenzangu walibaki kututazama. Ili kupima kama anafuatilia, nikamwomba ataje siku za wiki kinyumenyume. Akazitaja zote, kisha akataka nizitaje na mimi! Dada wa kazi wake, mtu wa Tanga, akatusimulia kuwa kabla ya hapo bibi aliwahi kuzubaa, analala mchana kutwa. Jamaa walisema ni uzee. Dada alishikilia apelekwe hospitali, ikaonekana ni maambukizi ya mkojo. Nililipenda somo la dada huyo kuliko vitini vyote nilivyopewa.

Wauguzi wenzangu wa nyumbani, kazi hii haitaki mashine wala umeme. Mzee akizubaa kutwa, mwamsheni, mvisheni miwani yake, mwambieni azitaje siku kinyumenyume. Akishindwa, muulizeni anayeishi naye kama jana alikuwa hivyo. Kama hakuwa, mwiteni daktari siku hiyo hiyo.