Mtoto na Mlezi Wake katika Picha za Chardin

Wanachuo huniuliza mara kwa mara picha za Wafaransa wa kale zina faida gani kwa mwalimu wa Darasa la Pili. Mimi huwaonyesha kazi za Jean-Siméon Chardin, aliyezaliwa Paris mwaka 1699 na kufariki huko mwaka 1779. Zama zile waliotukuzwa walikuwa wachoraji wa vita, wafalme na visa vya dini. Chardin, mtoto wa seremala, alipokewa katika Chuo cha Kifalme cha Uchoraji mwaka 1728 kwa picha za wanyama na matunda; baadaye akaingia jikoni na sebuleni, akawachora kina mama, watumishi na watoto.

Tazameni ile iitwayo “Mwalimu Kijana”, ya miaka ya 1730, ambayo imehifadhiwa London. Msichana anaelekeza sindano ndefu kwenye ukurasa, na mtoto mdogo ameweka kidole chake papo hapo. Fimbo haipo, wala ukutani hapana pambo. Uso wa msichana umechorwa kwa mstari ulio wazi, bali wa mtoto ni laini kama ulio ndani ya ukungu. Kwa maoni yangu, mchoraji ametuonyesha akili ambayo bado inafinyangwa.

Picha inayofaa zaidi kwa somo letu ni “Mlezi”, iliyoonyeshwa hadharani Paris mwaka 1739. Mtoto wa kiume amekumbatia vitabu, tayari kwenda shule. Mlezi wake ameketi, kofia ya mtoto na brashi mikononi, anamtazama. Mtoto ameinamisha macho. Sakafuni zimetawanyika karata na kipigio cha mchezo.

Katika mazoezi ya kufundisha nimeona mwanachuo akitundika picha nzuri ya soko, kisha akaieleza yote kabla watoto hawajaitazama. Picha ikawa pambo tu, na watoto wakawa wasikilizaji. Kwa hiyo chuoni huwa naitundika “Mlezi” na kunyamaza kwa dakika tatu nzima (kwa wengine ni adhabu kubwa!), ndipo niulize: kuna nini kati ya hawa wawili?

Mwaka huu mmoja alijibu kwamba mtoto anakaripiwa kwa kuacha michezo yake sakafuni. Mwenzake akakataa: mtoto ana huzuni ya kuondoka nyumbani, na mlezi amelitambua hilo. Niliandika majibu yote mawili ubaoni, wakaendelea kubishana hata baada ya kengele.