Zinj Hakuwa na Miaka 18

Kosa langu lilianzia kwenye karatasi moja ya madaktari wa meno. Ilikuwa na jedwali la watoto wa binadamu: gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka 6, la pili kwenye 12, la mwisho kwenye 18 au baadaye. Nilikuwa Ulaya nikisomea shahada ya uzamili, nashinda kutwa katika ghala la mifupa pamoja na makumi ya mafuvu ya sokwe yaliyokusanywa misituni zamani, na hapakuwa na mtu aliyeandika sokwe yupi alizaliwa lini. Nilihitaji umri wao. Jedwali lilikuwa mezani, nikalitumia.

Kazi yenyewe niliipenda, na bado naipenda. Unamimina mbegu za haradali ndani ya fuvu kupitia tundu la chini, pale uti wa mgongo unapoungana na ubongo. Unalitikisa kidogo kidogo zishuke, unajaza tena, kisha unazimwaga kwenye silinda ya kupimia. Hapo umepata ujazo wa ubongo wa mnyama aliyekufa kabla hujazaliwa. Fuvu la sokwe mchanga lina paji la mviringo na uso mfupi, hata mtu asiye na habari angeapa kuwa ni la mtoto wa mtu. Sokwe akikua, taya husogea mbele, tuta la mfupa hutokeza juu ya macho, na lile tundu la chini hurudi nyuma. Kwa binadamu tundu hilo hukaa karibu na katikati, ndiyo maana kichwa chetu kinatulia juu ya shingo tunaposimama. Niliyapanga mafuvu yangu mezani kuanzia wenye meno ya utoto hadi wazee wenye magego yaliyosagika, na nikaona ukuaji kwa macho yangu.

Kisha nikaanza kuandika miaka. Sokwe mwenye gego la kwanza nikampa 6, na kwa kweli hulipata akiwa na 3 hivi. Mwenye gego la pili nikampa 12, kumbe ana 6 au 7. Mwenye magego yote nikampa 18, naye ana kama 11 au 12. Mchoro wangu wa ukuaji ukanyooka mithili ya mpira uliovutwa. Nikahitimisha, kwa maandishi na kwa kujiamini, kwamba fuvu la sokwe na la binadamu hukua kwa muda uleule, na kwamba tofauti ipo kwenye ukubwa peke yake. Walionisahihisha walisifu vipimo vyangu. Vipimo vilikuwa sahihi. Umri ndio ulikuwa wa uongo, na uongo huo niliutia mimi mwenyewe: ukimpimia sokwe miaka kwa meno ya binadamu, lazima utamkuta anakua kama binadamu.

Nataka msomaji aone nilichokifuta. Mtoto wa binadamu huzaliwa na ubongo unaokaribia ukubwa wa ule wa sokwe mzima, yaani sentimita za ujazo karibu 400, na bado ubongo huo utaongezeka zaidi ya mara tatu. Ndiyo sababu utosi wake unapwita chini ya kiganja cha bibi anayempaka mafuta, na unakaa mwaka na zaidi bila kufunga, wakati wa sokwe hufunga mapema mno. Baada ya hapo huja miaka mingi ya kulishwa, kubebwa na kufundishwa kabla magego hayajakamilika. Utoto huo mrefu ni miongoni mwa mambo makubwa yanayotutenga na jamaa zetu wa msituni, na swali la lini ulianza katika ukoo wetu ni swali zito. Kazi yangu ilisema hakuna cha kuuliza.

Siwezi kudai kwamba sikuonywa. Novemba 1924 Raymond Dart, profesa wa anatomia mjini Johannesburg, alipokea fuvu la kale la mtoto wa ukoo wetu kutoka machimbo ya chokaa ya Taung. Februari 1925 akamtangaza duniani kwa jina la Australopithecus africanus. Gego lake la kwanza la kudumu lilikuwa linaota, naye Dart akamkadiria umri wa mtoto wa binadamu wa miaka 6. Mwaka 1985 Timothy Bromage na Christopher Dean walichapisha katika jarida la Nature hesabu za mistari midogo inayojiandika kwenye jino linapokua, wakaonyesha kwamba watoto wa kale wa aina hiyo walikufa wadogo kuliko ilivyodhaniwa. Leo mtoto wa Taung hupewa miaka 3 hadi 4. Dart hakuwa na wa kumwuliza. Mimi makala ya Bromage na Dean ilikuwa maktabani, ghorofa moja juu ya meza yangu, na sikupanda ngazi.

Nikarudi Tanzania, nikafundisha. Kila mwaka nilileta darasani nakala ya plasta ya Zinj, fuvu la jamaa wa kale wa ukoo wetu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai Julai 17, 1959, na ambalo asili yake iko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Niliwaonyesha wanafunzi ule ukingo wa mfupa utosini, uliobeba misuli ya kutafunia, na magego ya mwisho yaliyokuwa bado yanaota. Kisha nikatamka: kijana wa miaka 18.

Mwaka mmoja binti aliyetoka Kigoma alinyoosha mkono. Alikuwa amewahi kusaidia kazi za utafiti Gombe, ambako sokwe wamefuatiliwa tangu 1960 na wengi wao siku zao za kuzaliwa zinajulikana.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Sokwe wa Gombe akiwa na miaka 12 magego yake yameshakamilika. Huyu tumehesabu miaka yake kwa meno ya nani?"

Nikamjibu, "Keti, binti. Haya mambo yana watu walioyasomea."

Aliketi. Wenzake walicheka. Usiku ule nilifungua tasnifu yangu, nikaona jedwali nililolitegemea, na kabla ya saa sita nilikuwa najua kwamba binti yule amesema kweli. Kesho yake nikafundisha mada nyingine. Nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo, na tasnifu ile ndiyo iliyokuwa mkononi mwa waliokuwa wananijadili. Nilikaa kimya miaka minne. Cheo nilikipata. Yule binti hakuuliza tena swali katika darasa langu.

Kutumia jedwali lisilofaa ni kosa la mwanafunzi, na linasameheka. Kumketisha mtu aliyesema kweli, kisha kuijua kweli hiyo na kuificha, nilikufanya nikiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Nimekiandikia chuo changu cha zamani nikieleza ni kurasa zipi za tasnifu zisitumiwe. Binti huyo nimemtafuta, nikamwomba radhi kwa mdomo wangu, naye alinisikiliza hadi mwisho.

Nanyi mliokaa katika darasa langu, baadhi yenu sasa ni walimu. Fungueni madaftari yenu ya zamani. Pale mlipoandika kwamba Zinj alikufa na miaka 18, futeni. Kwa meno ya sokwe, hesabu yake ni 11 au 12.