Tanga la viroba

Jumapili, 18 Agosti 2024. Irugwa
Mwezi karibu unajaa, karabai zimelala, kambi yote inakoroma. Sisi tunafunga mizigo, tunarudi Tarime. Sufuria mbili, godoro, kuku watatu miguu imefungwa. Mashine ya mtumbwi ishapata mwenyewe mwingine. Baba Chacha anasema tanga linatosha. Nikamuuliza, na upepo ukikataa? Eti kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na injini, na kilizama Ukara palepale karibu na gati, 2018, watu zaidi ya 200 wakafa. Sasa hiyo ndiyo faraja? Mwanamume huyu!

Usingizi hakuna.

Jumatatu, 19. Asubuhi, bado Irugwa
Upepo wa asubuhi unatoka nchi kavu, unatupiga usoni. Tungoje mchana ugeuke, utoke ziwani utusukume. Anavyosema, utadhani wameagana. Nimevaa boya tangu saa mbili, wanawake wa mwaloni wananicheka. Wacheke. Kwetu Tarime maji ni ya ndoo.

Jioni, Rukuba
Mkono unatetemeka, mwandiko ndio huu. Saa tisa hivi tanga likachanika, praa! Mtumbwi ukalala ubavu. Mimi nakumba maji kwa sufuria ya ugali, kuku wanapiga kelele, yeye anang'ang'ana na kasia. Nikamwambia maneno. Siyaandiki hapa. La mashine nililirudia mara tatu. Hakujibu. Akashusha tanga, akanitupia sindano na uzi wa nyavu.

Nikashona. Kiraka cha kiroba cha unga, "kilo 25" kichwa chini, mishono kama ya gunia la mkaa. Likashika.

Usiku kachoma sato. Kichwa kanipa mimi, yeye kala mkia. Pole hajasema.

Jumanne, 20. Kinesi
Tumeingia ghubani, Musoma tukaiacha kulia. Magugu maji yameziba mwalo! Mto Mara unamwaga humu humu. Maji yamekanyagwa na nyumbu huko Serengeti, yamepita mpakani kwetu Tarime, yamepita chini ya daraja la Kirumi, na bado hatua thelathini tu zimetushinda. Tumesukuma kwa upondo hadi viganja vikachubuka.

Mnunuzi kakagua mtumbwi, kagonga mbao, kacheka kiraka changu. Baba Chacha akasema, "Tanga haliendi na mtumbwi." Jamaa akapunguza bei hapohapo. Yeye akakubali! Nikamtazama. Akajifanya anahesabu pesa.

Sikusema neno. Mara ya kwanza tangu Irugwa.

Alhamisi, 22. Tarime
Nikisimama, ardhi bado inayumba. Mama mkwe hata habari za safari hakuuliza. Kauliza tu hilo turubai tumelitoa wapi.

Kalitandika uani, kaanikia wimbi.