Mkono Umevunjwa na Nani?

Zed, yaani Datsun 240Z, iliingia gereji Jumatatu asubuhi, mwanzoni mwa kusi, mawingu yamejikusanya upande wa bahari, na kioo chake cha kushoto kimeshushwa hadi chini. Dereva hajashuka, nami nimeshajua kilichomleta. Mtu hatembei Mombasa msimu wa mvua na dirisha wazi kwa kupenda. Mlango ukikataa kufunguka kwa nje, abiria hupitisha mkono dirishani, akapapasa ndani, akajifungulia. Kioo kikipandishwa, mlango umekuwa ukuta.

Mwenye gari, mtu wa makamo, alinipa shikamoo, kisha akatoa hanchifu mfukoni akaifunua. Mlikuwa na kipande cha mkono wa mlango, kromu yake imeota vipele kwa chumvi ya bahari. Nilikigeuza juani nikatazama pale kilipokatika. Mikono ya Datsun 240Z ni ya zinki iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, juu ikavikwa kromu. Ikivunjika huonyesha chembechembe za kijivu, kama sukari guru iliyomegwa. Lakini sehemu kubwa ya jeraha lile ilikuwa nyeusi, ukingo mdogo tu ndio uliong'aa. Weusi ule ni ufa wa siku nyingi, umeingiwa na maji na vumbi. Mng'ao ni wa siku ya mwisho. Mkono ule haukuvunjika juzi. Ulikuwa ukivunjika kwa miaka.

"Umevunjwa na nani?" nikamuuliza.

Akasema mkewe aliuvuta kwa nguvu. Nikamwomba asimlaumu mama watoto. Aliyeuvunja tutamjua tukishafungua mlango.

Swali hilo nililirithi, na nililirithi kwa aibu.

Nilizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1963. Sisi watoto wa rika lile tuliyajua magari kwa redio kabla ya kuyajua kwa macho. Kila Pasaka, mbio za magari za Safari zikitangazwa, barazani hapakuwa na nafasi ya kuketi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z. Mwaka 1973 gari la aina ile ile likashinda tena, mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Yeye na Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, walimaliza wakiwa na alama sawasawa, na ushindi ukampata Mehta. Nilikuwa na miaka 10. Gari langu la waya nililipaka rangi nyekundu, nikaliita Zed, nikalisukuma vichochoroni hadi magurudumu yakaisha.

Mwaka 1979 nilipelekwa gereji kujifunza kazi. Mwenye gereji tulimwita Mwalimu, mafundi na wateja pia. Mwaka wa kwanza mzima sikushika spana ila kumpa mwingine. Nilisafisha nati kwa mafuta ya taa, nikashika tochi, nikafagia. Mwalimu hakueleza mengi. Alisema macho ya mwanafunzi ndiyo daftari lake.

Zed ya kwanza niliyoigusa ililetwa mwaka 1984, nikiwa na miaka 21 na kiburi cha miaka 21. Zed za Mombasa zilihesabika kwa vidole, na hii ilikuwa ya mzee mmoja aliyeitunza kama mboni ya jicho. Mkono wa mlango wa dereva ulikuwa umevunjika, na mwenyewe amekwisha kupata mwingine kwenye gari bovu huko Nairobi. Ilikuwa Ijumaa. Mwalimu akaenda msikitini, akaniachia kazi.

Nilitoa paneli ya mlango, nikachomoa fito mbili za chuma zinazounganisha loki na mkono wa nje na wa ndani, nikafungua nati, nikaweka mkono mpya, nikarudisha paneli. Saa moja haikutimia. Ulivyong'aa ule mkono! Nikaufunga mlango kwa nguvu ili majirani wasikie kwamba kazi imekwisha.

Kisha nikauvuta. Ulikuja mwepesi, kama mkono usioshika kitu. Nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa pili, nikavuta mkono wa ndani: vivyo hivyo. Klipu zinazobana fito hazikukaa vizuri, na nilipoubamiza mlango zote mbili zilichomoka. Loki imeshika, hakuna wa kuiambia iachie. Na paneli ya mlango uliofungwa haitoki, maana kingo zake zimebanwa na bodi.

Mwalimu alipofika hakunigombeza. Aliitazama kazi yangu, akanipa kisu. Nililazimika kuipasua paneli ya mzee wa watu ili niufikie ufito kwa vidole. Ngozi ile nyeusi ilipokuwa ikichanika niliona kama ninachanika mimi. Gharama yake ilikatwa kwenye mshahara wangu, na haki ilikuwa hivyo.

Mlango ulipofunguka, Mwalimu akauliza, "Mkono umevunjwa na nani?"

Nikajibu kwamba ni uzee.

Akaushika mlango kwa chini akauinua. Ukapanda kidogo, ukashuka, ukagonga. Gari la milango miwili huwa na milango mirefu, na mlango mrefu huzielemea bawaba zake. Bawaba zikichakaa, mlango hulala. Ukilala, loki haikutani tena sawasawa na kile chuma cha kwenye nguzo kinachopaswa kubanwa nayo. Hukipanda kwa ubavu, ikakwama. Mwalimu alinionyesha kovu la kukwaruzana, na ndani ya loki grisi iliyokauka ikawa kama nta ya mshumaa. Mzee alikuwa akivuta zaidi kila mwezi bila kujua, mpaka zinki ikachoka.

"Mkono ni shahidi," akaniambia. "Wewe umembadilisha shahidi, mkosaji umemwacha humo ndani."

Tulirudia kazi yote: bawaba, loki, fito. Kisha akanifundisha jambo ambalo sijaliacha hata siku moja tangu hapo. Mlango ungali wazi, unachukua bisibisi, unausukuma ulimi wa loki kama vile umekutana na chuma chake, mpaka ujifunge. Halafu unavuta mkono. Ulimi ukiruka, unarudia mara tatu, kwa mkono wa nje na wa ndani. Ukishindwa, shida bado iko mbele ya macho yako na mlango haujafungwa. "Kwanza ufungue," alisema, "ndipo uufunge."

Huyu wa hanchifu ni mwana wa mzee yule. Gari ni lile lile. Mkono wa kulia niliouweka mwaka 1984 ungali unafanya kazi. Huu wa kushoto ndio haukuwahi kuguswa.

Kupata mkono mpya hakukuwa rahisi. 240Z ilitengenezwa hadi mwaka 1973, ila ina wapenzi wengi Marekani, Uingereza, Japani na Australia, na kwa ajili yao vipo viwanda vinavyotoa nakala za vipuri vyake. Nilimwonya mwenye gari asiagize mkono wa "upande wa abiria". Marekani dereva huketi kushoto. Huo wa abiria wao ni wa kulia, nao haukai upande wetu. Kushoto na kulia kwa gari hujulikana ukiwa umeketi ndani unatazama mbele, na hivyo ndivyo spea inavyoagizwa. Kuchomelea ule wa zamani halikuwa jambo la kufikiria. Zinki huyeyuka mapema mno. Fundi wa kuchomelea akiikaribia kwa moto, zinki huanguka kama uji.

Kazi nilimpa mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliye mwaka wa pili nami. Alipandisha kioo juu ili kisizibe nafasi ndani, akabandika utepe wa karatasi kuuzunguka mkono ili rangi isikwaruzwe, akatoa paneli kwa subira, klipu moja moja. Nati mbili za namba 10 zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Tukazipaka mafuta ya kulainisha, tukaziacha zilale usiku mzima. Kuzilazimisha ni kukata uzi wake, na nati inayodondoka ndani ya mlango hula nusu siku ya kuitafuta. Asubuhi alijaza grisi kidogo ndani ya boksi ya spana ili nati ing'ang'anie humo isianguke. Mikono yake myembamba ilifika ambapo yangu haifiki tena.

"Mjomba," akaita, "bawaba hizi ni nzima. Mlango haujalala."

"Basi endelea kutafuta."

Alimpata mkosaji chini kabisa. Matundu ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na taka na majani, na kila mvua iliyoteremka kando ya kioo ilibaki humo, ikipanda kama mvuke. Na kwa kuwa mlango wa abiria haufunguliwi mara kwa mara, loki ilikuwa imekauka na pini ya mkono imeganda. Mlango wa dereva uliharibiwa na kutumika sana. Huu umeharibiwa na kuachwa. Yule mama aliuvuta tu siku ambayo ufa ulifika mwisho wa safari yake.

Tukazibua matundu, tukaiosha loki kwa mafuta ya taa, tukaitia grisi mpya. Mkono mpya ukaingia na raba zake. Likabaki la ufito: ncha yake ina uzi, na urefu wake hurekebishwa kwa kuizungusha. Ukiukaza mno, loki inakuwa nusu wazi na mlango unaweza kufunguka barabarani. Ukiulegeza mno, mkono unainuka mpaka mwisho na loki haijasikia. Lazima ubaki mchezo mdogo kabla ya kushika. Ili tupate kipimo, nikasema tufungue mlango wa kulia tulinganishe.

Sikuwa nimetazama ndani ya mlango ule kwa miaka 40. Grisi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa lakini ingali laini. Na juu ya nati ya ufito palikuwa na alama ndogo nyekundu, kuanzia kwenye nati hadi kwenye ufito, ili ikilegea ionekane. Ile ni rangi yangu. Niliitia kwa kijiti cha kiberiti, Mwalimu amesimama nyuma yangu. Mstari haukuwa umepinda hata kidogo. Mwalimu ametangulia mbele ya haki zamani, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mpwa wangu akachukua kipimo, akarudi kushoto, akazungusha ncha ya ufito. Kisha, mlango ungali wazi, akaufunga ulimi wa loki kwa bisibisi, akauvuta mkono. Ulimi ukaruka. Akarudia mara tatu kwa nje, mara tatu kwa ndani. Sikumwambia kitu.

Nikaleta kopo la rangi nyekundu na kijiti cha kiberiti. Akaniuliza alama ile ni ya nini, maana paneli ikirudi hakuna atakayeiona.

"Ataiona atakayeufungua mlango huu baada yetu," nikamwambia, "siku atakapojiuliza umevunjwa na nani."

Akachovya kijiti, akashusha pumzi ili mkono usitetemeke, akavuta mstari.